Mahindi ya Sakafuni

Ndoo ya Virginia ndiyo iliyoanza.

Jerop aliijua ndoo ile kama alivyoijua yake mwenyewe. Zilikuwa ndoo mbili nyeupe za rangi ya nyumba, za lita ishirini, walizopewa na fundi aliyemaliza kupaka ukuta wa kanisa lao kule Huruma. Kwa miaka mitatu wanawake hao wawili walikuwa wakitoka pamoja kila Jumamosi kwenye stoo ya mahindi ya Mzee Ephantus, Maili Nne, kila mmoja na ndoo yake kichwani, wakirudi kwenye ploti moja walikopanga vyumba vinavyogawana ukuta wa mabati. Kwa miaka mitatu ndoo hizo zilijaa sawasawa: robo, mwezi ukiwa mbaya; nusu, mwezi ukiwa mzuri. Lakini tangu Mei, Virginia alianza kutembea shingo imekakamaa, mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo na wa pili unazuia mahindi ya juu yasimwagike.

"Leo Mungu amenikumbuka, Mama Kiplimo," alikuwa akisema.

"Amina," Jerop alijibu. Ndoo yake mwenyewe ilikuwa nyepesi hata upepo uliichezea.

Stoo ile ilikuwa na desturi iliyoachwa na baba yake Mzee Ephantus: mahindi yanayoanguka sakafuni ni ya wanaofagia. Malori yalileta magunia kutoka Sugoi na Moiben, wapakiaji wakayabeba mgongoni, wakayapanga hadi karibu na dari, kisha siku ya kuuza wakayapangua tena. Katika safari hizo zote, punje hazikosi kuponyoka. Jerop na Virginia walizifagia, wakazichekecha, wakaondoa mawe na mavi ya panya, na Jumamosi wakaondoka nazo. Mshahara wao ulikwisha kwenye kodi ya nyumba na karo. Chakula chao kilikuwa pale sakafuni.

Ili wasigombane, waliigawa stoo tangu siku ya kwanza. Njia ya mkokoteni ndiyo iliyokuwa mpaka. Kushoto kulikuwa kwa Jerop, kulia kwa Virginia.

Sasa upande wa kulia ulikuwa umebarikiwa.

Jerop hakuwa mtu wa roho mbaya, na hilo ndilo lililomtesa. Alipomwona Shiko, binti mkubwa wa Virginia, akitoka nje na mashavu yanayong'aa, alijilazimisha kutabasamu. Harufu ya githeri, ile ya mahindi na maharagwe, ilipopenya kwenye mabati, aliwaimbia wanawe wawili wasisikie matumbo yao. Alijikumbusha kwamba Virginia ana watoto wanne na mume aliyelala kitandani tangu aanguke kwenye mjengo. Yeye alikuwa na wawili tu, na mume aliyekwenda kupasua mbao Timboroa na kuupenda msitu kuliko nyumba yake. Kwa hesabu yoyote ya haki, Virginia alihitaji zaidi. Jerop aliirudia hesabu hiyo kila siku, na kila siku jibu lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

"Mama," Kiplimo alimwuliza jioni moja akikoroga uji uliokuwa maji zaidi ya unga, "kwani Mama Shiko anafagia upande gani?"

"Wa kulia."

"Na sisi hatuwezi kuwa wa kulia?"

Mtoto wa miaka saba, na alikuwa amesema kile ambacho mama yake alikuwa akikitafuna wiki tatu nzima.

Kesho yake asubuhi Jerop aliegemea ufagio wake. "Mama Shiko, unaonaje tukibadilishana upande? Huku kwangu baridi ya mlango inaniua kiuno."

Alitegemea ubishi. Virginia alicheka tu. "Chukua, dada. Sakafu ni sakafu."

Wiki ile Jerop alifagia kulia. Alifagia nyuma ya kila gunia, akaingiza vidole kwenye nyufa za simenti. Alipata robo ndoo. Kushoto, kwenye baridi ya mlango, Virginia alijaza ndoo yake mpaka juu.

Usiku Jerop hakupata usingizi. Angekuwa amezidiwa na upande, angevumilia. Angekuwa amezidiwa na Mungu, angenung'unika kidogo kisha angetubu. Lakini mahindi yalikuwa yakimfuata Virginia kama kuku wanavyomfuata mwenye kapu, na mahindi hayana miguu.

Alianza kumchunguza.

Katika stoo ile palikuwa na bambo, kile chuma kirefu chenye mfereji kinachochomwa kwenye gunia ili kutoa punje za kuangalia kama zimekauka. Lilining'inia kwenye msumari karibu na mizani, na mwenyewe alikuwa Wesonga, karani. Siku malori yakiwa mengi, Wesonga alimwita Jerop amsaidie, na alikuwa amemfundisha adabu ya chombo hicho. Unachoma kwa kuinamisha. Unachomoa polepole. Kisha, kabla hujafanya lolote jingine, unasugua nyuzi za gunia kwa ncha ile ile ili tundu lijifunge. "Asiyesugua," Wesonga alipenda kusema, "ni heri apasue gunia kwa kisu, tujue moja."

Siku ya Jumatano, saa nne, Wesonga na wapakiaji walipokwenda kunywa chai, Jerop alijificha nyuma ya safu ya magunia na kumwona Virginia akilitwaa bambo kutoka kwenye msumari. Alichoma gunia la chini. Akachomoa. Akachoma la pili, la tatu. Hakusugua hata moja. Punje zilianza kutiririka taratibu. Virginia alilirudisha bambo mahali pake, akachukua ufagio na kuanza kufagia huku akiimba wimbo wa kwaya.

Jerop alikaa pale chini muda mrefu. Jambo la kwanza alilolisikia moyoni, na ambalo hakumwambia mtu hadi miaka ilipopita, halikuwa hasira juu ya wizi. Lilikuwa hili: *kwa nini sikulifikiria mimi?*

Hasira ilifuata baadaye, akaikaribisha kama mgeni mwenye heshima zaidi kuliko yule wa kwanza. Akaanza kuipanga hotuba yake. Angemwendea Mzee Ephantus. Angesema: Mzee, mimi pia ni maskini, mimi pia nina watoto, na mimi sijagusa gunia lako. Kila siku aliinoa hotuba hiyo, na kila siku aliiahirisha, maana kila alipofikia mwisho wake alimwona Mzee akimpigia makofi, na picha hiyo ilimtia haya.

Jumatatu iliyofuata lori lilirudi kutoka kwenye kinu cha Nakuru. Kinu kilikuwa kimekataa mzigo. Magunia zaidi ya ishirini yalikuwa mepesi kuliko yalivyoandikwa.

Mzee Ephantus aliwaita wote mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la sufi asilolivua hata jua likiwaka, na alipokasirika sauti yake ilishuka badala ya kupanda.

"Wesonga. Nani anapima hapa?"

"Ni mimi, Mzee."

"Nani anashika bambo?"

"Ni mimi. Lakini Mzee, miaka tisa..."

"Miaka tisa ya kunijua vizuri. Chukua koti lako uende."

Wesonga alianza kuvua koti la kazi, kifungo kimoja kimoja.

Jerop alijua saa yake imefika. Hotuba ilikuwa tayari. Alipiga hatua moja mbele.

"Ni mimi," Virginia alisema.

Watu wote waligeuka.

"Wesonga hajui lolote. Nilichoma wakati wa chai, nikafagia kilichomwagika. Tangu Mei. Watoto walikuwa wanalala na chai ya rangi, Mzee, na baba yao hawezi hata kujigeuza. Njaa ilinisukuma. Lakini mkono ni wangu." Akainyoosha mikono yote miwili mbele yake, kana kwamba Mzee alikuwa na pingu mfukoni.

Mpakiaji mmoja mzee akajifuta macho kwa gunia alilovaa begani.

"Njaa haina mahakama," alisema.

"Mwizi ni mwizi," Mzee Ephantus alimjibu, lakini alikuwa akiiangalia mikono ya Virginia, iliyopasuka kwa baridi na simenti. "Wesonga, vaa koti lako. Wewe, mama, rudi kazini. Usiniibie tena." Akatembea hatua chache, akasimama, akasema bila kugeuka, "Na mumpe gunia moja apelekee hao watoto. Zima."

Alipofika kwenye mizani akaongeza, "Na hii mambo ya sakafu imeisha. Kuanzia leo kinachomwagika kinarudi guniani."

Jerop alibaki na hatua yake moja mbele, kama mtu aliyesimama kucheza na ngoma ikazimwa. Hata ukweli, Virginia alikuwa ametangulia kuusema.

*

Mambo yaliyofuata yalimwumiza kuliko njaa.

Wesonga, yule yule aliyenusurika kufukuzwa, ndiye aliyepitisha katoni wapakiaji wamchangie Virginia. Mmoja akaleta sukari, mwingine mafuta ya kupikia, mwingine blanketi la mgonjwa. Akina mama wa kanisa walisikia, wakaja Jumapili na mboga na maziwa, wakaimba hadi mabati yakatetemeka. Mchungaji aliomba kwa ajili ya "dada yetu aliyejaribiwa". Jerop alitoa kipande cha sabuni, akakiweka kwenye katoni huku anatazamwa, akarudi kwake.

Upande wake wa ukuta hapakuwa na wimbo. Wala mahindi ya sakafuni hayakuwepo tena, kwa ajili ya wizi ambao hakuufanya. Jioni ile Jepkemboi, kitinda mimba wake, alilala kabla uji haujachemka, na Jerop hakumwamsha, kwa kuwa uji wenyewe haukuwa na thamani ya kukatiza usingizi.

*Na mimi?* aliuuliza ukuta. *Mimi niliyeshinda na njaa ile ile, kwenye stoo ile ile, na bambo lile lile ukutani, nani aliniimbia?*

Alisikia hodi. Virginia alisimama mlangoni na gorogoro iliyojaa, mkebe ule wa kupimia mahindi, punje zimelundikana juu kama kilima.

"Ya watoto," alisema. "Nisamehe, Mama Kiplimo. Najua nimekumwagia riziki."

"Rudi nayo."

"Usiwe hivyo."

"Nimesema rudi nayo. Mimi sili mahindi ya wizi."

"Haya ni ya gunia alilonipa Mzee."

"Na alikupa kwa nini? Si kwa sababu uliiba? Ungekuwa mjinga kama mimi ungepewa nini?" Sauti yake ilipanda, hakuweza kuizuia. "Unaiba, unakula. Unakiri, unakula tena. Sasa unaimbiwa. Mimi nimefagia miaka mitatu na mikono safi, nimepata nini? Uchafu wa panya!"

Virginia aliiweka gorogoro chini, taratibu.

"Jepkemboi alipokuwa na homa, ile wiki ya kwanza ya Juni," alisema, "nilikuletea unga. Ulinishika mikono ukalia. Ulidhani unga ule ulitoka wapi?"

Jerop aliitazama gorogoro pale chini.

"Sikuambii ili nikukomeshe. Nakwambia kwa sababu hata mimi nilikuwa nakuonea wivu. Wewe ulikuwa unaweza kumwangalia Wesonga machoni. Mimi nilikuwa naimba nyimbo za kanisa ndio nisisikie mahindi yakianguka."

"Kwa hiyo haikuwa wizi?"

"Ilikuwa wizi," Virginia alisema kwa haraka. "Wesonga angefukuzwa. Ana watoto pia. Nilipoanza nilisema Mzee ni tajiri, haoni. Sikujua kwamba nilikuwa nachota kwa Wesonga. Lakini Jerop, siku ile ya kwanza, na mtoto ananiangalia... sijui. Mpaka leo nikiulizwa ningefanya nini tofauti, sijui." Akageuka kwenda. "Mkebe ubaki. Ukitaka wape kuku."

Kuku hawakuwepo. Mkebe ulikaa pale mlangoni usiku kucha. Asubuhi Jerop aliyapika yale mahindi na kuwalisha watoto. Yeye mwenyewe hakula, na alijua kutokula kwake kulikuwa ni wivu tu uliovaa nguo za kanisani.

*

Alhamisi, saa nne. Wesonga na wapakiaji walikuwa wamekwenda chai. Virginia alikuwa ameomba ruhusa kumpeleka mumewe kliniki. Mvua ya Julai ilipiga bati la stoo, na ndani kulikuwa na magunia mia tatu na Jerop.

Alilitoa bambo kwenye msumari.

Alikuwa amelimaliza shauri hili moyoni. Ikiwa kuiba kunasamehewa kwa sababu ya njaa, basi yeye alikuwa na msamaha wake wote, haujaguswa. Ikiwa njaa haina mahakama, haina mahakama kwa wote. Na akishikwa, atanyoosha mikono kama Virginia. Mikono yake nayo ilikuwa imepasuka vile vile.

Alipiga magoti mbele ya gunia la chini. Akainamisha chuma, akachoma. Kikaingia kwa ule mlio mdogo wa nyuzi kuachana. Akachomoa polepole, na mfereji ukatoka na konzi ya punje nyeupe, kavu, safi, akazimimina kiganjani. Akafumba macho, akingoja kusikia mahindi yakitiririka.

Hayakutiririka.

Alifumbua macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa unasugua. Ncha ya bambo ilikuwa ikipita juu ya nyuzi, huku na huku, kama Wesonga alivyomfundisha, na tundu lilikuwa limejifunga kabisa. Mkono ulikuwa umefanya kazi yake bila kumwuliza.

Akacheka. Kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, na ndivyo alivyokuwa, amepiga magoti, bambo mkono mmoja na mahindi mkono wa pili, machozi yanamtiririka, aliposikia kikohozi nyuma yake.

"Hata wewe," alisema Mzee Ephantus.

Koti lake la sufi lilikuwa limelowa mabegani. Jerop hakusimama.

"Hata mimi, Mzee."

"Nilidhani wewe ni tofauti. Wote waliniambia, Jerop hana shida."

"Nani alikuambia sina shida?"

"Hujawahi kulalamika."

"Kwani Mzee ulikuwa unauliza?"

Maneno yalitoka kabla hajayapima, na yalipotoka yakavuta mengine. "Virginia alisema ana njaa siku aliyokiri, mkampa gunia. Mimi nina njaa tangu Mei. Sikuiba, kwa hiyo hakuna aliyejua. Ukaondoa mahindi ya sakafuni, ukaondoa chakula cha watoto wangu, kwa kosa ambalo si langu. Mzee, katika stoo hii mtu aibe kwanza ndiyo aonekane? Mimi sijui kama njaa inaweza kuhalalisha wizi. Nimeliwaza mpaka kichwa kinauma. Lakini najua hakuna mtu angehitaji kuliuliza hilo swali kama mahindi yangekuwa yakimfikia anayeyafagia."

Aliogopa alipomaliza. Mzee Ephantus aliinama kwa shida, magoti yakimlia, akapitisha kidole kwenye gunia. Akatafuta tundu. Akalitafuta tena.

"Ulichoma wapi?"

Jerop akamwonyesha.

"Mwizi gani anaziba tundu?"

"Mkono ulizoea, Mzee."

Mzee alikaa kitako juu ya gunia, mvua ikipiga. Alipozungumza hakuwa anamtazama.

"Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ungeniambia."

"Ningekuambia mwanamke wa kufagia ana njaa, ungesema umenipa sakafu."

"Ningesema hivyo," Mzee alikiri.

Hakuomba msamaha, wazee wa aina yake huwa hawaombi. Alinyanyuka, akachukua bambo mkononi mwa Jerop na kulitundika. Kisha, kana kwamba anatoa maagizo ya kazi tu, akasema: "Jumamosi, wewe na mwenzako mtapimiwa kutoka kwenye gunia zima. Gorogoro tano kila mmoja. Kila Jumamosi, mvua au jua. Mambo ya kuokota chini iishe. Ya sakafuni nitapelekea kuku wangu." Alifika mlangoni, akageuka. "Hayo uliyoshika ni yako. Usiyarudishe. Utaniharibia tundu."

*

Jumamosi Wesonga ndiye aliyepima, kwa sauti kama mtu anayetangaza zawadi za bibi harusi. Jerop na Virginia walisimama bega kwa bega, ndoo zao mbili nyeupe miguuni. Tangu ile jioni ya mlangoni hawakuwa wamesema zaidi ya habari ya asubuhi.

"Ya Mama Kiplimo, tano! Ya Mama Shiko, tano!"

Jerop aliangalia. Hakutaka kuangalia, lakini macho yalikwenda yenyewe. Gorogoro ya mwisho ya Virginia ilikuwa na kilima. Yake ilikuwa imekatwa bapa. Tofauti ilikuwa konzi moja, pengine haikufika konzi. Ule mfupa wa zamani ukajigeuza kooni.

Virginia naye alikuwa ameona. Aliinama, akachota konzi juu ya ndoo yake, akaisogeza upande wa Jerop, akangoja.

"Wacha," Jerop alisema. "Nyinyi ni sita."

"Kweli?"

"Irudishe kabla sijabadilisha roho, wewe mwanamke."

Virginia alicheka, punje zikarudi kwenye ndoo. Walisaidiana kutwika. Walipotoka nje mvua ilikuwa imekatika, na barabara ya Huruma iliteleza kwa matope, kwa hiyo kila mmoja alishika ndoo kwa mkono mmoja, na wa pili akamshika mwenzake wasianguke.